Uvimbe wa uterasi unavyobana kibofu na kuhatarisha figo

KWA mwanamke anayeishi Tseikuru, Kaunti ya Kitui, au Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, kuamka usiku kwenda haja ndogo si jambo jepesi. Choo huwa nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Kuna giza, kuna nyoka na nge, na msimu wa mvua njia huteleza. Anayeamka mara moja huvumilia. Anayeamka mara nne au tano kila usiku, mwezi baada ya mwezi, huanza kujiuliza ana nini.

Mchana hali si tofauti. Safari ya matatu hadi Wote au Kitui mjini humtia hofu kwa kuwa hajui kama ataweza kujizuia hadi mwisho wa safari. Kanisani huketi karibu na mlango. Katika mkutano wa chama hutoka nje mara mbili kabla ya ajenda ya kwanza kumalizika, na wenzake huanza kunong'ona.

Wengi walio katika hali hiyo huenda katika zahanati au duka la dawa na kuambiwa wana maambukizi ya njia ya mkojo. Hupewa dawa, hupata nafuu kwa siku chache au wasipate kabisa, kisha hurudi palepale. Mwanamke anaweza kutibiwa hivyo mara tatu au nne bila tumbo lake kupimwa hata mara moja.

Hata hivyo, kukojoa mara kwa mara hakusababishwi na viini pekee. Miongoni mwa sababu ambazo husahaulika ni uvimbe unaomea katika uterasi, yaani nyumba ya uzazi, ambao wengi huujua kwa jina la faibroidi. Uvimbe huu unapokua unaweza kukibana kibofu, kuifunga njia ya mkojo au hata kuiharibu figo. Madhara hayo yanaweza kuendelea kwa muda mrefu bila mwanamke kuhisi maumivu makali.

Uvimbe wenyewe ni nini?

Faibroidi ni uvimbe unaotokana na misuli ya uterasi. Huanza pale chembe moja ya msuli inapoanza kugawanyika kupita kiasi hadi ikawa donge gumu la mviringo. Donge hilo linaweza kuwa dogo kama punje ya ndengu au likakua likawa kubwa kama tikitimaji. Mwanamke anaweza kuwa na moja tu, au akawa na mengi ya ukubwa mbalimbali kwa wakati mmoja.

Uvimbe huu si saratani, na ni nadra mno kwa saratani kugunduliwa mahali palipodhaniwa kuwa na faibroidi ya kawaida. Hukuzwa na homoni za kike za estrojeni na projesteroni. Ndiyo sababu huwapata wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wenye miaka 30 na 40, na kwa kawaida hunywea baada ya hedhi kukatika.

Ni hali iliyoenea kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 kuhusu wanawake wa Washington, Marekani, ulikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe huwa wamepata uvimbe huu. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Kwa hivyo, kuwa na faibroidi si sababu ya kuingiwa na hofu. La muhimu ni kujua kama inamdhuru mhusika.

Hatari ya kuupata ni kubwa zaidi kwa mwanamke ambaye mama au dada yake aliwahi kuwa nao, aliyeanza kupata hedhi mapema, ambaye hajazaa, au mwenye uzito uliopita kiasi. Hautokani na kurogwa wala laana ya ukoo. Pia hautokani na sindano ya kupanga uzazi kama inavyodaiwa mara kwa mara vijijini. Tafiti zimeonyesha kuwa wanawake waliotumia sindano hiyo kwa muda mrefu hawakuwa katika hatari zaidi, na baadhi ya tafiti hizo zilipata kuwa hatari yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao.

Majirani watatu katika chumba kimoja

Ili kuelewa jinsi uvimbe wa uterasi unavyoweza kuvuruga mkojo, ni lazima kwanza kufahamu jinsi viungo vilivyopangwa ndani ya nyonga. Mbele kabisa, nyuma ya mfupa wa kinena, kuna kibofu cha mkojo. Katikati kuna uterasi. Nyuma yake kuna sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa, inayopitisha haja kubwa. Viungo hivyo vitatu vimekaribiana sana, na mifupa inayovizunguka haitanuki.

Uterasi ya mwanamke asiye mjamzito ni ndogo, karibu sawa na ngumi yake. Kibofu nacho ni mfuko wa misuli unaotanuka kadiri mkojo unavyoingia. Katika mtu mzima mwenye afya kinaweza kubeba takribani mililita 400 hadi 500, yaani karibu nusu lita, kabla ya mtu kulazimika kwenda haja. Wengi hukojoa kati ya mara nne na nane mchana, na usiku hawaamki kabisa au huamka mara moja.

Uterasi inapovimba, majirani wake hubanwa. Kibofu kilichobanwa kwa juu au kwa nyuma hakiwezi kutanuka. Badala ya kupokea nusu lita, hujaa upesi kwa kiasi kidogo na kutuma ujumbe kwenye ubongo kwamba wakati umefika. Mwanamke hukimbilia chooni, akatoa mkojo kidogo tu, na baada ya muda mfupi haja humrudia. Hali hiyo hiyo huwapata wajawazito, ila kwao mtoto huzaliwa na kibofu kikapata nafasi yake tena. Uvimbe hauna siku ya kuzaliwa.

Utumbo nao unaweza kubanwa ikiwa uvimbe umeelekea nyuma, na matokeo yake ni kufunga choo. Kinyesi kigumu kinapojaa huongeza kukibana kibofu, na tatizo la mkojo likazidi.

Mahali ulipo huweza kupita ukubwa

Madaktari wa magonjwa ya wanawake huangalia ukubwa wa uvimbe, lakini huangalia pia mahali ulipo. Uvimbe wa wastani ulio upande wa mbele wa uterasi, ukikigusa kibofu, unaweza kumsumbua mwanamke kuliko uvimbe mkubwa zaidi ulio juu.

Uvimbe ulio ndani ya uwazi wa uterasi aghalabu huleta hedhi nzito kuliko matatizo ya mkojo. Ulio ndani ya ukuta wa uterasi unaweza kuleta yote mawili. Ulio kwenye uso wa nje ndio unaoelekea zaidi kuvibana viungo vya jirani. Ulio chini karibu na mlango wa uzazi, hata usipokuwa mkubwa mno, unaweza kuufunga mrija wa kutolea mkojo. Na ule unaotanuka kwenda kando unaweza kuibana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni kwamba uvimbe unapozidi kukua huweza kuinuka kutoka ndani ya nyonga na kupanda tumboni. Hapo kibofu wakati mwingine hupata nafasi, na mwanamke akadhani amepona. Kumbe tumbo linaendelea kukua, na mirija ya figo inaweza kuwa imeanza kubanwa pale inapopita kwenye ukingo wa nyonga.

Mkojo unapokataa kutoka

Si wote wanaokojoa mara nyingi. Kwa baadhi ya wanawake, tatizo ni kinyume chake: wana haja kali ya kukojoa lakini mkojo hautoki.

Hali hii hutokea hasa pale uvimbe ulio nyuma au chini unapousukuma mlango wa uzazi kwenda mbele na juu, ukaubana mrija wa mkojo dhidi ya mfupa wa kinena. Mara nyingi huwajia ghafla alfajiri, baada ya kulala usiku kucha na kibofu kikajaa, au siku chache kabla ya hedhi, wakati uterasi inapovimba kidogo zaidi. Inaweza pia kumpata mjamzito wa miezi mitatu hadi minne ambaye uterasi yake imeinama kwa nyuma na ina uvimbe.

Kibofu kilichofungwa hivyo kinaweza kujaa hadi kupita lita moja. Maumivu yake ni makali, na tumbo la chini huonekana limejaa. Hii ni dharura. Mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitalini mara moja ili awekewe katheta, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Kunywa maji mengi, kutumia vidonge vya kuongeza mkojo au kumeza dawa za mitishamba wakati huo ni kuongeza mzigo juu ya kibofu kilichokwisha kuelemewa.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili ambayo ni rahisi kukosewa. Kibofu kikishindwa kumaliza mkojo kwa muda mrefu, kile kinachozidi huanza kumwagika kidogo kidogo bila mwanamke kukusudia. Nguo hulowa, kitanda hulowa, na watu wa nyumbani wakadhani ameshindwa kuuzuia mkojo. Ukweli ni kwamba kibofu chake kimejaa, na kinachovuja ni cha kufurika tu, kama mtungi uliojaa pomoni.

Hatari inayokuja kimyakimya

Jambo linalowatia madaktari wasiwasi zaidi ni lile ambalo mgonjwa halihisi. Mkojo hutengenezwa na figo mbili, kisha huteremka kwenye kibofu kupitia mirija miwili membamba, mmoja kila upande. Mirija hiyo hupita kando ya uterasi. Uvimbe mkubwa ukiubana mmoja wao, mkojo hurudi nyuma na figo ikaanza kutanuka.

Figo inayotanuka polepole mara nyingi haiumi. Ikiwa ni ya upande mmoja, figo ya pili huendelea kuusafisha mwili, na hata vipimo vya damu vinaweza kuonekana vya kawaida. Mwanamke huendelea kulima, kuteka maji na kwenda sokoni, huku figo moja ikizidi kudhoofika. Ikiwa zote mbili zimebanwa, sumu hujaa mwilini, miguu na uso vikavimba, na hatimaye figo zikashindwa kufanya kazi.

Habari njema ni kwamba figo iliyobanwa kwa muda mfupi kwa kawaida hurudia hali yake baada ya uvimbe kuondolewa. Iliyobanwa kwa miaka inaweza isirudi. Hiyo ndiyo sababu ya kutochukulia tatizo la mkojo kuwa aibu ndogo ya kuvumiliwa hadi litakapokwisha lenyewe.

Kwa nini hudhaniwa kuwa maambukizi?

Kukojoa mara kwa mara ni dalili ya magonjwa mengi, na maambukizi ya njia ya mkojo ndiyo yanayofikiriwa kwanza kwa kuwa huwapata wanawake wengi. Lakini maambukizi huwa na alama zake: kuchomwa wakati wa kukojoa, mkojo wenye ukungu au harufu kali, na wakati mwingine homa na maumivu ya mgongo. Mwanamke anayekwenda haja mara nyingi bila kuchomwa, bila homa, na ambaye mkojo wake ukipimwa hauonyeshi viini, anapaswa kuchunguzwa zaidi badala ya kupewa dawa zilezile tena.

Ni kweli pia kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuandamana. Mkojo unaobaki ndani ya kibofu kilichobanwa hugeuka kuwa mahali pazuri pa viini kuzaliana. Katika hali hiyo dawa huua viini vya leo, lakini kwa kuwa kizuizi bado kipo, vingine huja kesho. Maambukizi yanayojirudia kila baada ya wiki chache yanapaswa kumfanya mhudumu wa afya aulize ni nini kinachoyarudisha.

Kumeza viuavijasumu ovyo kuna hasara nyingine. Viini huzoea dawa, na siku mwanamke atakapopata maambukizi ya kweli, dawa ya kawaida huenda isimsaidie.

Magonjwa mengine pia yanapaswa kutofautishwa. Mgonjwa wa kisukari hukojoa mara nyingi, lakini kila mara hutoa mkojo mwingi, na huwa na kiu isiyokwisha. Mwenye uvimbe unaobana kibofu hutoa kidogo kidogo. Mwanamke anayevujwa na mkojo mchana na usiku bila kikomo, hasa baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu, huenda ana nasuri, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Anayetokwa na mkojo akikohoa, akicheka au akiinua mtungi huenda misuli yake ya nyonga imelegea kutokana na kuzaa. Na mwenye damu ndani ya mkojo asiseme ni faibroidi. Anahitaji kupimwa kichocho, mawe na magonjwa ya kibofu na figo.

Alama inayoelekeza kwenye uterasi ni pale matatizo ya mkojo yanapoandamana na hedhi nzito au ya siku nyingi, uzito chini ya kitovu, maumivu ya kiuno, kufunga choo, au tumbo linalokua ilhali mwanamke si mjamzito. Damu nyingi inayopotea kila mwezi huleta upungufu wa damu, na mwanamke huchoka, hupata kizunguzungu na kuhema akipanda kilima kidogo tu.

Kujinyima maji si dawa

Katika maeneo makavu ya Kitui na Makueni, maji ni mali. Mito mingi hukauka baada ya mvua, na wakazi huchimba mchangani ili kupata maji ya kunywa. Mtungi wa lita 20 uliojaa una uzito wa takribani kilo 20, na wanaoubeba kwa kawaida ni wanawake na wasichana, mgongoni au kwa msaada wa punda.

Mwanamke anayesumbuliwa na kibofu hupata kishawishi cha kunywa maji kidogo kabisa ili asihangaike njiani. Hilo huleta madhara mengine. Mkojo uliokolea hukiwasha kibofu na kuongeza hamu ya kukojoa. Choo huwa kigumu, na utumbo uliojaa hukibana kibofu zaidi. Katika joto la nyanda za chini, mwili ukikosa maji ya kutosha figo huzidi kuelemewa, nazo huenda tayari ziko hatarini.

Ushauri unaofaa ni kunywa maji kwa kadiri mchana, kupunguza chai na kahawa, na kupunguza vinywaji saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kubeba mizigo mizito hakusababishi faibroidi, lakini huongeza msukumo tumboni, na mwenye kibofu dhaifu anaweza kuvujwa na mkojo.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi hauanzi kwa mashine ghali. Huanza kwa maswali na mkono. Mgonjwa huulizwa huenda haja mara ngapi, hutoa kiasi gani, huamka mara ngapi usiku na hedhi yake ikoje. Akiandika au kukariri mambo hayo kwa siku tatu kabla ya kwenda kliniki, atakuwa amemsaidia sana mhudumu.

Kisha akishakojoa hulala chali na kupapaswa tumbo. Uterasi iliyokua kufikia ukubwa wa mimba ya wiki 12 huanza kuhisika juu ya mfupa wa kinena, na iliyofikia kitovu inalingana na mimba ya wiki 20. Muuguzi au afisa wa kliniki katika kituo kidogo anaweza kuligundua hilo kwa dakika chache. Hupimwa pia mimba, mkojo, sukari na kiwango cha damu.

Kipimo kinachothibitisha ni picha ya altrasaundi. Ni vyema mgonjwa aombe mambo matatu yaangaliwe kwa pamoja: uterasi, figo zote mbili, na kiasi cha mkojo kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa. Picha ya uterasi peke yake inaweza kuonyesha uvimbe na isifichue figo iliyokwisha kutanuka. Ikiwa figo zimeguswa, damu hupimwa ili kujua zinavyofanya kazi.

Matibabu na uamuzi

Uvimbe usio na dalili hauhitaji kuondolewa. Huchunguzwa mara kwa mara tu. Mwanamke anayekaribia kukatikiwa na hedhi, ambaye usumbufu wake ni mdogo na figo zake ni salama, anaweza kushauriwa asubiri.

Dawa zipo, ila kazi yake ni ya muda. Baadhi hupunguza damu ya hedhi bila kuugusa uvimbe, na hivyo hazikisaidii kibofu. Sindano zinazozuia homoni huweza kuupunguza uvimbe kwa kiasi kikubwa ndani ya miezi mitatu, na hutumiwa hasa kabla ya upasuaji. Zikiachwa, uvimbe hurudi. Hakuna dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuuyeyusha uvimbe huu, na baadhi ya mitishamba huweza kudhuru figo.

Pale uvimbe unapokibana kibofu sana, unapofunga mkojo au unapotanua figo, upasuaji ndiyo tiba ya kawaida. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kuondoa vivimbe na kuiacha uterasi, nayo huwafaa wanaotaka kuzaa. Uvimbe mpya unaweza kumea baadaye. Ya pili ni kuondoa uterasi yote, ambayo humaliza tatizo la uvimbe na pia uwezo wa kushika mimba. Njia nyingine, ambayo hutolewa katika hospitali chache kubwa, ni kuiziba mishipa inayoulisha uvimbe damu ili unywee bila kupasua tumbo.

Uamuzi ni wa mwanamke baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuuliza kama uterasi yake inaweza kuokolewa, na ana haki ya kupata maoni ya daktari wa pili. Anapaswa pia kumweleza daktari kama aliwahi kuzaa kwa upasuaji, kwa kuwa makovu huweza kukishikanisha kibofu na uterasi na kuongeza hatari ya kibofu kujeruhiwa.

Wengi hupata nafuu ya mkojo wiki chache baada ya uvimbe kuondolewa. Lakini aliyekuwa akivujwa na mkojo akikohoa huenda akaendelea hivyo, kwa kuwa chanzo ni misuli iliyolegea wala si uvimbe. Huyo husaidiwa kwa mazoezi ya misuli ya nyonga au matibabu mengine.

Umbali na gharama

Kulingana na sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187 na Makueni 987,653. Kaunti zote mbili zina hospitali ya rufaa, moja Kitui mjini na nyingine Wote, na hospitali nyingine katika miji kama Mwingi na Makindu. Kwa mkazi wa Kyuso, Mutha au Mtito Andei, safari ya kwenda hospitali ya rufaa na kurudi huweza kula siku nzima na nauli isiyo kidogo. Ndiyo sababu upimaji wa tumbo katika zahanati ya karibu una maana: humwezesha mgonjwa kusafiri akijua anachokwenda kutafuta.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi. Baada ya huduma za afya kugatuliwa mwaka wa 2013, Makueni ilianzisha mpango wa MakueniCare mwaka wa 2016, ambapo familia ilijisajili kwa Sh500 kwa mwaka. Kitui nayo ilianzisha bima yake, K-CHIC, mwaka wa 2018 kwa Sh1,000 kwa mwaka. Mipango hiyo iliwapa wengi nafasi ya kufika hospitalini bila kuuza mbuzi.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina maalumu kwa waliosajiliwa, lakini upasuaji katika hospitali kubwa humtaka mgonjwa awe amelipa mchango wake. Anayesubiri upasuaji anashauriwa kuuliza mapema bima italipa kiasi gani na yeye ataongeza kiasi gani.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa nchini kote mwaka wa 2023, wanaweza kuwa kiungo muhimu. Hufika nyumbani, na miongoni mwa vifaa vyao kuna kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu. Mwanamke anayeona haya kueleza habari za mkojo mbele ya foleni ya kliniki anaweza kumweleza mhudumu huyo faraghani.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Mwanamke asisubiri hata siku moja ikiwa mkojo umekataa kutoka kabisa, ikiwa ana homa na maumivu makali ya ubavu, ikiwa mkojo umepungua sana huku miguu na uso vikivimba, au ikiwa anatokwa na damu nyingi kiasi cha kuzimia.

Asiye na dalili hizo za dharura, lakini ambaye ametibiwa maambukizi ya mkojo zaidi ya mara mbili bila kupona, ana ombi moja rahisi la kuwasilisha atakaporudi kliniki: apimwe tumbo, kisha aandikiwe altrasaundi ya uterasi na figo. Waume na mabinti nao wana wajibu wao. Anayemwona mke au mama akiamka kila saa usiku asimcheke wala kumlaumu, bali amsindikize akapimwe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.